Moto unapasua mwamba kweli, lakini hewa je?
Jamani hii habari ya Quebec kule Canada, kwamba wanatoboa shimo dogo kwenye mshipa wa dhahabu wanashusha kichomeo (bana) cha dizeli na hewa ya kompresa, mwamba unapukutika vipande vidogo bila baruti, mimi naiamini kabisa. Nimekaa maduara ya Geita, yale mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, miaka sita, jiwe jeupe likigoma tindo tulikuwa tunapanga kuni chini tunawasha jioni tunatoka, asubuhi unakuta ukuta umechanika, ukigonga kidogo linadondoka gamba zima kama maganda ya muhogo. Ni vile kwatzi, hilo jiwe jeupe lenyewe, ikipata joto inatanuka, ikifika nyuzi 573 za Selsiasi inajibadilisha ndani kwa ndani na kuvimba ghafla, lazima ipasuke. Wamisri walichoma miamba hivyo hivyo kwenye dhahabu ya Nubia, kusini mwa Misri na kaskazini mwa Sudan ya leo, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Ila mwandishi wa hiyo habari kagusia hewa mstari mmoja tu, inaniuma. Moto wa chini unazaa kaboni monoksaidi, haina harufu haina rangi, mtu anashuka mzima akisema moshi umeisha, dakika chache kimya, kamba haivutwi tena. Mwenzangu mmoja alienda hivyo, na aliyemfuata kumuokoa naye tulimtoa kwa shida, hajawa sawa mpaka leo. Wenzetu wa Canada wana feni kubwa na vipima gesi. Ndugu zangu wa maduarani, kama huna kipimo usishuke, hata mwenye duara apige kelele vipi.