Piko 210

Nilishika sindano kabla sijajua kufunga vifungo vya sare ya shule. Bibi yangu wa Makorora alikuwa akishona kofia, zile za vitobo, za mkono, ambazo moja inakula miezi, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumtungia uzi maana macho yake yalishachoka. Kutoka hapo nikafuma vitambaa vya makochi, nikadarizi mashuka ya maharusi wa mtaa mzima, nikafuma kofia za vichanga ambao leo wana ndevu. Kwangu hata redio ina kitambaa. Mume wangu husema akikaa kimya muda mrefu nitamvisha na yeye.

Ujasiri wangu wote huo ulikuwa na siri moja: kufumua. Ukifuma kwa sindano ya ndoana na ukakosea, unavuta uzi, kitu kinarudi prrrr mpaka mwanzo, unaanza upya na hakuna aliyeona. Wallahi nimefumua vingi kuliko nilivyofuma. Kwa hiyo nilipokutana na tatingi sikushtuka.

Tatingi ni lesi ya mafundo matupu: unayapanga kwenye uzi, kisha unauvuta ujifunge kuwa kitanzi. Uzi unauzungusha kwenye vidole vya mkono wa kushoto, na upande wake wa pili umeviringwa kwenye kidude kidogo chenye ncha mbili, umbo la mashua. Wajerumani kazi hii wanaiita Schiffchenarbeit, yaani kazi ya kimashua. Waitaliano wanaiita chiacchierino, jina lililotoka kwenye neno lao la kupiga soga. Niliposikia hilo la soga nikasema basi hii ni kazi yetu watu wa Tanga, tulicheleweshewa tu.

Nikaenda maduka ya uzi ya Ngamiani kuulizia kimashua.

"Kimashua cha nini, mama?"

"Cha kufumia."

Kijana akanielekeza Deep Sea, kwa wavuvi. Usimcheke. Wavuvi kweli wana sindano yao ya kushonea nyavu, nayo inabeba uzi tumboni vilevile, ila kwa uzi wangu ingekuwa sawa na kunywa uji kwa beleshi. Mwisho nikakata changu mwenyewe kwenye dumu la mafuta ya kula la lita 5, nikakisugua kingo kwa msasa mpaka kikaacha kuning'ata.

Kujifunza nilijifunza kwa video za kwenye simu, na wiki tatu nzima sikutoka patupu tu, nilitoka na hasira. Unapitisha kimashua chini ya uzi wa kushoto, unakirudisha kwa juu, fundo linafunga. Vizuri. Lakini limefunga kwenye uzi usio wake! Sasa inabidi ulegeze vidole vya kushoto na uvute uzi wa kulia unyooke kama kamba ya kuanikia nguo, na hapo fundo lenyewe linaruka, linahamia uzi wa pili. Ukikaza kabla halijaruka, limekufa palepale, na kitanzi chako hakitafunga hata ukivute kwa punda. Siku liliporuka mara ya kwanza nilipiga kigelegele peke yangu sebuleni. Jirani akaja mbio kuuliza nani kaolewa.

Hajaolewa mtu, lakini binti wa kaka yangu alibakiza miezi miwili. Nami, kiherehere kimenijaa, nikajitolea pindo la mtandio wake wa nikahi, ule upande wa usoni.

Hapo ndipo kosa la kwanza lilipotokea, na lilikuwa la mdomo. Kwenye tatingi, vile vijitanzi vidogo vya urembo vinavyochomoza pembeni vina jina la Kifaransa, na linatamkwa piko. Siku ya kikao cha wanawake nikasema kwa sauti: "Piko za bibi harusi mniachie mimi. Nimeshapiga hesabu, ni 210."

Pakawa kimya. Wifi yangu, mama wa bibi harusi, akauliza taratibu:

"210, wifi? Mwili gani huo?"

Somo akakumbusha kwamba mchoraji wa hina na piko alishapewa kishika uchumba chake. Bibi harusi mwenyewe alikuwa ameshaingiza mikono yote miwili ndani ya leso. Nikaeleza: vitanzi 70, kila kimoja piko 3. Hakuna aliyeelewa, ila walishukuru kwamba siyo rangi.

Miezi ile miwili nilifunga mafundo hadi usingizini. Kila kitanzi kilikuwa na mafundo 20, na kila fundo ni pacha, nusu mbili, zidisha mwenyewe. Na kila kimoja nilipokifunga, nilikiungia palepale kwenye ukingo wa mtandio kwa ndoana nyembamba sana: unachoma kitambaa, unavuta uzi, unaendelea na kitanzi kinachofuata. Vikatimia 59.

Asubuhi ya nikahi nikawa na 11 mbele yangu. Nimeshaoga, nimeshavaa sare ya ukoo, dera la njano lenye maua ya zambarau, jepesi kama ganda la kitunguu. Nimejichimbia chumba cha uani, mtandio nimeutandaza mapajani, na umeme nao ukaona huo ndio wakati wake wa kukatika. Nikaitisha tochi ya simu na mtu wa kuishika. Nikapewa mjukuu wa wifi, miaka saba, mwenye njaa. Kila harufu ya pilau ilipopita mlangoni, mwanga uligeuka ukaifuata. Nikawa nachoma kitambaa kwa kupapasa, nikijiambia vidole vyangu vina umri wa kutosha, vinajua njia.

Cha 70 kikafunga. Kutoka ukumbini wifi akaita: "Mtandio! Sheikh kafika!"

Nikasimama kwa madaha. Mtandio ukasimama nami. Nikaunyanyua juu niukung'ute, na dera langu likanyanyuka pamoja nao mpaka mahali ambapo yule mtoto alizima tochi mwenyewe kwa heshima.

Vitanzi vyote 11 vilikuwa vimeshika mtandio na dera kwa pamoja. Ndoana ilichoma vitambaa viwili, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu kazi ilikuwa imekaza barabara.

Wakaingia wanawake. Wa kwanza alicheka, wa pili akakaa chini, wa tatu akaenda kuwaita waliobaki. Bibi harusi akaletwa, tukajaribu kumvisha hivyohivyo tuone kama kuna namna. Namna ilikuwa mimi nimeinama sikioni kwake kama mtu anayemnong'oneza. Somo akasema, "Aolewe nao wawili, mahari iongezwe."

Mwanangu akanigeukia na macho yake ya wanja. "Shangazi, si ufumue?"

Maneno yale yalinichoma. Maisha yangu yote hilo ndilo jibu langu kwa kila kitu, na hapa halikuwepo. Tatingi haivutwi ikarudi. Kitanzi kikishafungwa, uzi umepita katikati ya mafundo yote 20 na umebanwa. Kukifungua ni kuchokonoa fundo moja baada ya jingine kwa ncha ya sindano, na mimi nilikuwa na vitanzi 11 na sheikh ukumbini. Na uzi ulioshika dera ndiyo uleule uliofunga mafundo, ukiukata hapa, pindo linaachia hapa.

Wifi akaja na mkasi wa jikoni, wa kukatia mbawa za kuku.

"Nikate kipi?"

Nikatazama dera, jipya, halijaona maji. Nikatazama miezi miwili.

"Kata dera."

Akakata kwa kulizunguka pindo, ulimi nje, wanawake wakimwelekeza kama wanaegesha lori. Kipande cha njano na zambarau, kirefu kuzidi kiganja, kikabaki kimening'inia nyuma ya lesi. Mapajani kwangu pakabaki dirisha. Nikafunga leso ya kuazima juu yake na kutoka nayo hivyo.

Nikahi ikafungwa salama. Bwana harusi akaingizwa ndani kumshika mkono mkewe, akaufunua mtandio usoni, vigelegele vikarindima, na nikamwona akisita. Kidole chake kiligusa ile njano karibu na sikio. Akauliza chini chini, "Hii nini?"

Mke wake, bila kuinua macho, akajibu neno moja: "Shangazi."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelezwa kila kitu.

Mtandio ule anao mpaka leo, na kipande changu hakukitoa, ingawa nilimwomba nikakinyofoe taratibu kwa sindano. Juzi kanipigia simu kutoka Muheza, ana mimba ya miezi sita, anataka shali ya mtoto yenye pindo lilelile.

"Nitakufanyia, mwanangu," nikamwambia, "hata piko 300."

"Ahsante, Shangazi. Ila ufumie mezani."