Eden Lake: tuhuma za chuki ya kitabaka zina ukweli kiasi gani?

Taja Eden Lake mbele ya wapenzi wa filamu za kutisha za Uingereza, kisha kaa pembeni uwasikilize wanavyovutana. Ilitoka mwaka 2008, kazi ya kwanza ya mwongozaji James Watkins, ikiwa na bajeti ndogo, waigizaji wachache na msitu. Mwaka uliofuata jarida la Empire liliipa tuzo ya filamu bora ya kutisha. Wengine waliiona kama matusi ya saa moja na nusu kwa watu wa hali ya chini, na hawajabadili kauli.

Nitaisimulia mpaka mwisho, maana ugomvi wenyewe uko huko. Jenny (Kelly Reilly), mwalimu wa chekechea, na mpenzi wake Steve (Michael Fassbender, kabla hajawa jina kubwa) wanatoka mjini kwenda kupumzika wikiendi kando ya machimbo ya zamani yaliyojaa maji. Steve anapanga kumchumbia huko. Eneo hilo karibu litazungushiwa uzio lijengwe nyumba za wenye nacho. Wanakuta kundi la vijana wa hapo, wana mbwa mkubwa na redio inayopiga kelele. Steve anawaomba wapunguze sauti, na kuanzia hapo jambo linazaa jambo. Tairi inatobolewa, begi lenye funguo za gari linaibwa, Steve anawafuata kuwadai, inatokea purukushani, na kisu kinampata mbwa. Mbwa anakufa. Brett, mwenye mbwa na kiongozi wa kundi (Jack O'Connell), anachanganyikiwa kwa hasira, na wikiendi inageuka kuwa mawindo.

Uingereza ya miaka ile ilikuwa na hofu yake. Mei 2005 jengo la maduka la Bluewater, huko Kent, lilipiga marufuku sweta za kofia, vazi lililohusishwa na vijana wahuni. Mwaka 2006 David Cameron, akiwa kiongozi wa upinzani, alihimiza jamii ijaribu kuwaelewa vijana wanaovaa sweta hizo, wapinzani wake wakamdhihaki kwamba anataka wakumbatiwe. Gazeti la The Sun na wanasiasa wa mrengo wake wa kulia walikuwa wakiimba kwamba Uingereza imevunjika. Hofu ilikuwa imeshaiva jikoni. Watkins alichofanya ni kuipakua.

Ndiyo maana Owen Jones, katika kitabu chake Chavs cha mwaka 2011 kuhusu jinsi tabaka la wafanyakazi wa Uingereza lilivyofanywa kichekesho na kitisho, aliitaja Eden Lake kama ushahidi. Kwa maoni yake, filamu inadai kwamba watu wa tabaka la kati hawawezi tena kuishi jirani na walalahoi. The Daily Telegraph nalo liliishutumu kwa kuwaogopa na kuwachukia Waingereza wa kawaida. Hata The Sun lililalamika kwamba inawachora wafanyakazi wote kama wahuni. Gazeti hilohilo! Ukifika mahali The Sun linakuona umewazidishia vijana wa sweta za kofia, una jambo la kujiuliza.

Lakini kwangu mimi, lililoidhuru filamu zaidi ni sifa. Christopher Tookey, mhakiki wa filamu wa gazeti la kihafidhina la Daily Mail, aliipongeza kwa kuthubutu kusema kile ambacho, kwa maoni yake, filamu nyingine ziliogopa kukisema: kwamba mazimwi tunayoyahofu kila siku ni vijana wetu wenyewe. Anayeitetea Eden Lake anaweza kumjibu Jones. Kumjibu Tookey ni kazi, kwa sababu yeye ameipenda kwa sababu ileile ambayo Jones ameichukia.

Utetezi upo, na una nguvu. Chukua tukio la katikati, lile ambalo wengi hushindwa kulitazama. Steve amefungwa kwa seng'enge. Brett anawalazimisha wenzake wamkate kwa zamu, huku Paige, msichana pekee kundini, akirekodi kwa simu. Kurekodi kuna hesabu yake: kila mmoja akishaonekana ameshika kisu, hakuna atakayeweza kumgeuka Brett kesho. Kinachobaki akilini baada ya hapo ni nyuso za wale wavulana kuliko damu. Mmoja anasita, mwingine anafanya haraka ili yaishe, na wote wanamwangalia Brett kabla ya kumwangalia Steve. Aliyeandika tukio hilo anaelewa jinsi kundi linavyomfanya mtoto wa kawaida atende asichokitaka, na huwezi kuliandika kama unaamini watoto hao wamezaliwa wanyama.

Tena Steve si malaika. Anayeng'ang'ania kubaki baada ya vitisho vya kwanza ni yeye. Anayeingia nyumba ya watu bila kukaribishwa, akiwatafuta vijana, ni yeye. Jenny naye, aliyetambulishwa kwetu akicheza na watoto darasani, anafika mahali anamchoma mtoto kwa kipande cha kioo kabla hajajua amekuja kwa nia gani. Mtoto huyo ni Cooper (Thomas Turgoose), mwenye moyo mwepesi kuliko wote kundini. Filamu ya chuki tupu isingempa Jenny dhambi hiyo. Peter Bradshaw wa The Guardian, gazeti lisilo na mapenzi na siasa za Tookey, alikuwa miongoni mwa walioisifu, na ukitazama ilivyokazwa huoni ajabu.

Jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha ni pesa. Mwenye fedha kidogo hukimbilia msituni: hakuna seti ya kujenga, mwanga wa mchana ni wa bure, na miti hailipwi posho. Ni desturi ya zamani. Black Park, msitu ulio jirani na studio za Pinewood ambako kampuni ya Hammer ilipiga filamu zake nyingi za kutisha, ulitumika na hapa pia. Ila ukimweka kijana msituni tu, umemtenga na shule yake, kazi ambayo baba yake anayo au hana, na mtaa uliomlea. Tunakutana naye akiwa kwenye uovu peke yake. Mji mzima unabaki kuelezwa kwa vipande vidogo: mama anamzaba mtoto kofi hadharani, mhudumu wa mgahawa anakuja juu aliposikia watoto wametajwa. Kila kipande kinabebeshwa tabaka zima. Dharau inaweza kuingia kwa mlango huo hata kama mwongozaji hakuialika.

Lakini dakika za mwisho siwezi kuzisingizia bajeti. Jenny, ametapakaa matope na damu, anafika nyumba yenye sherehe. Watu wazima wanampokea, wanamtuliza. Kisha anagundua yuko nyumbani kwa Brett. Wazazi wanapata habari kwamba baadhi ya watoto wao wamekufa, na mlango unafungwa. Watetezi husema hawa ni wazazi wenye msiba, wameshasikia uongo wa Brett, na Jenny kweli ameua. Sawa. Lakini mpaka hapo filamu ilikuwa imetueleza kwamba tatizo ni kijana mmoja anayepigwa na baba yake na kuwatawala wenzake kwa woga. Kwa dakika chache inageuka na kutuambia tatizo ni ukoo, ni mji, ni wao wote. Maelezo ya saa nzima yanafutwa ili tupate mshtuko wa mwisho. Hapo Jones ana haki, na ustadi wa Watkins unaongeza uzito wa kosa, kwa sababu mtazamaji anatoka akiwa ameamini.

Mei 2011 Joe Cornish alitoa Attack the Block, nayo inaanza na vijana wenye sweta za kofia wakimpora muuguzi kusini mwa London. Baadaye muuguzi yuleyule anaingia chumbani kwa kiongozi wao, Moses, anaona shuka za kitoto kitandani, anamuuliza umri, naye anajibu ana miaka kumi na tano. Eden Lake nayo inatupeleka chumbani kwa Brett, kwenye picha za mwisho za filamu, tukamwone akifuta video na kujaribu miwani ya marehemu Steve mbele ya kioo. Cornish alikuwa na fedha nyingi zaidi, ni kweli, lakini shuka ni shilingi ngapi? Chumba Watkins alikuwa nacho, mvulana alikuwa naye, na mwigizaji mwenye uwezo wa kubeba swali kama lile la muuguzi alikuwa naye pia.