Asha siyo Aisha iliyokosewa

Leo siku ya nne sijapoa. Dada yangu alijifungua mtoto wa kike mwezi uliopita, akampa jina la bibi yetu mzaa mama, Asha, wala hapakuwa na kikao, bibi alituacha mwaka jana na kila mtu nyumbani alijua mtoto wa kike wa kwanza kuzaliwa baada yake ndo atakuwa wajina wake. Mama hata hamwiti jina, anamwita "mama", maana ni jina la mama yake, anamchukua asubuhi anamwambia mama umeamkaje. Juzi dada kaenda kuchukua cheti cha kuzaliwa, ofisi sitaitaja, kapewa karatasi anasoma: AISHA. Akarudi dirishani, samahani kaka, hapa pamekosewa. Kijana wa watu akamjibu kwa upole kabisa: "Hapana dada, nimekurekebishia. Jina lenyewe ni Aisha, Asha mnakoseaga tu."

Nimekurekebishia! Hilo neno ndo limeninyima usingizi. Bora angesema kidole kimeteleza.

Nikaliweka kwenye grupu la wasapu la familia nikidhani nitapata wa kulia naye, mjomba akatuma moja ya zile orodha zinazozunguka za majina na maana zake, kwamba Asha ni jina la Kihindi, maana yake tumaini, kwa hiyo kubadilishiwa kumetusaidia. Mjomba namheshimu, shikamoo yangu anaipata kila siku, lakini hili hapana mjomba.

Haya, tulishike jina lenyewe. Asha wa kwetu kweli katoka kwa Aisha wa Kiarabu, hapo karani yuko sawa na hapo tu. Maana yake aliye hai, anayeishi. Shina lake ndo hilohilo lililotupa kuishi na maisha. Wamisri mkate wanauita kwa shina hilo, eshi, na nyie mlioko Kuwait na Qatar mnajua wali huko unaitwa aishi, yaani kile kinachomweka mtu hai ndo kinabeba jina la uhai. Bibi yangu, ambaye sufuria lake la wali halikuwahi kutosha watu wa nyumbani tu, alikuwa anaitwa hivyo maisha yake yote na sidhani kuna mtu aliwahi kumwambia.

Asha wa Kihindi ni mwingine kabisa. Huyo katoka Kisanskriti, maana yake ndo hilo tumaini, na ndo Asha wa Asha Bhosle ambaye sauti yake wazee wetu walikuwa wanaisikia kwenye filamu za Kihindi. Halafu yuko wa tatu ambaye orodha ya mjomba haikumgusa: kwenye maandiko ya kale ya Wazoroasta, watu wa dini ya zamani ya Uajemi, asha ni ukweli, ule utaratibu wa haki unaoishika dunia. Na hao siyo watu wa mbali na sisi, Waparsi wa dini hiyo wamekaa Unguja miaka mingi, Freddie Mercury, yule mwimbaji, alizaliwa huko mwaka 1946 kwenye familia ya hivyo. Herufi nne, asili tatu, na wote watatu wamepita Zanzibar. Hakuna aliyemwibia mwenzake.

Kufanana sauti siyo kuzaliwa tumbo moja jamani, na sisi wa Kiswahili tulitakiwa tuwe wa kwanza kulijua hilo maana tumelelewa nalo. Kuna kaa la moto, kuna kaa wa baharini, kuna kaa kitako, na hakuna aliyewahi kudai kaa wa baharini jina lake limetoka jikoni. Kuishi ni Kiarabu, kuisha ni Kibantu, sala ya isha ni Kiarabu tena lakini shina lingine kabisa, la usiku. Ashakum tunayotanguliza kabla ya neno zito nayo haina Asha ndani yake, ni hashakum ya Kiarabu, yaani liwe mbali nanyi. Lakini ikifika kwenye majina ya watu akili hiyo tunaiweka pembeni, mtu anasikia Doto anaandika limetoka kwenye ndoto, wakati ndoto imetoka kwenye kuota, na Doto ni pacha wa pili wa Kisukuma na Kinyamwezi, Kulwa katangulia, Doto kafuata, na atakayezaliwa baada yao Wasukuma wanamwita Shija. Nilisoma darasa moja na msichana anaitwa Pili, walimwita Pilipili miaka yote saba hadi akahama kwa mama yake mdogo. Pili ni mtoto wa pili, basi, Kibantu kitupu. Pilipili imetoka Bara Hindi ikapitia Uajemi, kiungo cha jikoni, hawajuani. Ningekuwa najua wakati ule ningemwambia, na ningewaambia waliokuwa wanacheka.

Na ule undugu wa kweli hatuuoni! Siti binti Saad, yule wa Fumba aliyekwenda kurekodi santuri Bombay mwaka 1928, jina la kuzaliwa aliitwa Mtumwa. Siti alipewa baadaye, na ni Kiarabu, bibi mheshimiwa, haihusiani na sita ya kuhesabu wala na siti ya dirishani kwenye daladala. Sasa liangalie hilo la kwanza. Mtumwa ni kutuma, aliyetumwa. Na Mtume je? Kutuma hiyohiyo, naye aliyetumwa. Kitenzi kimoja, silabi mbili zilezile mwanzoni, mwisho mmoja ukampandisha mtu hadi kwa Mola na mwisho mwingine ukamshusha hadi sokoni kwenye minyororo. Mimi nilipoligundua nilinyamaza siku nzima. Hilo ndo la kutuma kwenye magrupu.

Nakubali, na sikubali kwa furaha, kwamba yapo majina ambayo mtu ana haki ya kuyakataa. Mtumwa mimi simpi mwanangu. Anayeitwa Shida au Mashaka akienda kubadilisha sitamzuia, aliyabeba yeye, siyo mimi. Lakini abadilishe mwenyewe. Asibadilishiwe na mtu wa kompyuta.

Sasa nirudi kwa yule kijana, maana hoja yake ndo inayoniuma, kwamba Asha ni kukosea. Wazee wetu waliyapokea majina kutoka Uarabuni wakayaweka mdomoni mwao, wakayala, yakawa yao. Fatima akawa Fatuma. Uthman akawa Athumani. Khamis akawa Hamisi. Abubakar tukamkata kichwa akabaki Bakari na amekaa vizuri tu, ana wajukuu. Wasomali jirani zetu wao Aisha ni Caasha, wanaandika hivyo kwenye vyeti vyao, na sijasikia wakiomba radhi. Na Juma je? Juma ni aliyezaliwa Ijumaa, lakini tazameni tulivyoendelea nalo, tukalifanya juma zima, wiki, tukaanza kuhesabu siku inayofuata baada ya Ijumaa: Jumamosi, Jumapili, hadi Jumatano, ya tano. Ikifuata Alhamisi, nayo kwa Kiarabu ni ya tano, shina moja na hamsini, kwa sababu Waarabu wao wanaanzia Jumapili. Wiki yetu ina siku ya tano mbili mfululizo! Huko ni kukosea? Huko ni watu wenye hesabu yao waliopokea neno la mgeni na hesabu yao wasiitupe. Kila mtu anayeitwa Juma au Hamisi kabeba historia hiyo mfukoni.

Na mbona John harekebishwi? John ni yuleyule Yohana, ni yuleyule Juan wa Wahispania, Jean wa Wafaransa, Ivan wa Warusi, wote wametoka kwa jina moja la Kiebrania, kila taifa likalitamka kwa ulimi wake. Peleka John pale dirishani, atatoka John. Hakuna atakayemwambia baba yake umekosea, ni Yohana. Ulimi wa Mwingereza ukibadilisha jina limekuwa jina, ulimi wa bibi yangu wa Tanga ukibadilisha limekuwa kosa la kurekebishwa. Kwa nini? Nauliza kwa dhati kabisa, kwa nini?

Msiniambie ni herufi moja tu. Herufi moja ndo mtoto kwenye cheti ni Aisha, kadi ya kliniki Asha, shuleni mwalimu ataandika atakalolisikia, akija kuomba kitambulisho anaambiwa hawa ni watu wawili, nenda kwa mwanasheria ukaape kwamba wewe ni wewe. Watu wangapi humu mmeapa kwamba nyinyi ni nyinyi? Wenye binti zao Aisha sina neno nao, jina zuri, na kama dada angelitaka angeliandika. Aliandika Asha kwenye fomu, kwa herufi kubwa, kama walivyoelekeza.

Bibi hakusoma. Alijua kuandika kitu kimoja, jina lake, na alijifunza kwa sababu ya vyombo. Wanawake mnajua, shughuli ikiisha vyombo vya mtaa mzima vimechanganyika, usipoweka alama sinia lako linaondoka. Basi mama akamfundisha zile herufi nne, na bibi akawa anageuza kila chombo anaandika chini kwa rangi ya kucha nyekundu. Ninalo sinia moja hapa, nimelishika sasa hivi. A ya kwanza haina mstari wa katikati, imekaa kama kibanda. S imegeukia nyuma. H mguu mmoja mrefu. A ya mwisho kaipatia, mstari upo, na pembeni kuna doa la rangi, nadhani alipomaliza aligusa kabla haijakauka.

Jumatatu naenda na dada dirishani. Fomu aliyoijaza tunayo nakala, kadi ya kliniki tunayo, na mama kasema anakuja na yeye na mtoto anambeba mwenyewe.