Perege wa shimoni hapimwi kwa kilo

Ukishika njia ya Mahonda kwenda Donge, kaskazini mwa Unguja, masika yakiwa yamekolea, utaona vipande vya mbingu vimelala chini. Ni mashimo ya mchanga. Kiangazi yalikuwa makovu makavu yenye alama za matairi ya fuso. Ikifika Mei ni maziwa madogo, bata wanaogelea, watoto wanaogelea, na pembeni hakosi kijana aliyechutama na ndoana ya kijiti. Anavua nini pahala ambapo hakuna aliyetia samaki? Anavua perege. Wamefikaje, kila mtu ana hadithi yake: mafuriko ya bondeni, ndoo ya mtoto wa skuli, mzee aliyetoka Kibokwa na wanne kwenye kidumu. Kambale hahitaji hadithi. Usiku wa mvua anajikokota mwenyewe juu ya majani mabichi.

Nayataja haya mwanzo kwa sababu mjadala wa siku hizi, kama mashimo yatiwe samaki au yafukiwe, unaendeshwa kana kwamba mashimo ni matupu. Si matupu.

Hoja ya kufukia ina uzito, na wanaoishikilia wengi ni watu wa vijiji vyenyewe, ambao konde zao za mihogo zimeondoka na tipa zikageuka kuta za hoteli. Sensa ya 2022 imetuhesabu 1,889,773 Unguja na Pemba, na ardhi haikui pamoja nasi. Mzee anayesema "nirejeshewe konde yangu" haombi hisani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2015 ipo, na vibali vya kuchimba havikukusudiwa kumwachia mwenye shamba ziwa. Ukimwambia habari za vifaranga vya samaki anasikia jambo moja tu: kwamba aliyechimba amesamehewa. Kusema kweli, wako wachimbaji ambao wangefurahi sana kusamehewa kwa bei ya ndoo mbili za vifaranga.

Maji nayo ni hoja. Kisiwa hiki kinakunywa kutoka chini ya miguu yake. Mito yetu, ukiacha Mwera na mingine michache, haina sifa ya kuitwa mito, na mengi ya yanayotiririka huzama kwenye mawe kabla hayajaiona pwani. Mchanga unaouzwa kwa gari ndio chujio la maji ya visima. Ukishauondoa hadi maji ya chini yakachungulia, kila utakachotia shimoni, ikiwemo pumba na samadi ya kulishia samaki, kina njia fupi ya kufika kwenye ndoo ya mtu. Hili silipingi hata kidogo.

Ila wanaosema "fukieni" mara chache huulizwa: kwa udongo gani? Kisiwa hakina udongo wa akiba. Kifusi cha kujaza shimo la Donge lazima kitoke shimo jengine, na hilo nalo litataka kujazwa. Kinachotokea kwa kawaida, na kila mpita njia amekiona, ni shimo kujazwa taka kidogo kidogo: mifuko, nepi, matofali mabovu, mzoga wa mbuzi. Hapo ndipo maji ya kunywa yanapoharibika kweli, na hapana anayeitisha kikao. Shimo lenye samaki lina mwenyewe, hata kama mwenyewe ni vijana watatu wasio na kibali. Wataigombea gari ya taka ikikaribia.

Wanaoutetea ufugaji nao hawajajitendea haki. Wameingia kwenye mjadala na karatasi za biashara: vifaranga kadhaa, miezi sita, kilo kadhaa, faida. Hesabu hiyo inaanguka Januari, maji yanapobaki ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Tena inaangukia mezani. Mzanzibari aliyezoea changu na tasi atakwambia samaki wa maji baridi ananuka tope, na kambale wengine hawataki hata kumtazama. Mradi wa namna hii ukifa, watu wanasema samaki wa shimoni ni ndoto. Nadhani tumepima kwa mizani isiyohusika.

Kuna mfano wa mbali unaopenda kutajwa. Katika jimbo la Minnesota, Marekani, eneo la Cuyuna lilichimbwa chuma kwa miongo mingi, migodi ikaachwa, ikajaa maji, na leo hutiwa trauti, samaki wa baridi anayependwa na wavuvi wa ndoana. Kama somo la samaki, mfano huo hautufai hata chembe. Mashimo yale ni ya kina kirefu, maji yake maangavu na baridi. Trauti anataka maji ya nyuzi joto 20 hivi kushuka chini, na yakipita 25 anakufa. Afrika Mashariki alipata kwao milimani tu: mwaka 1905 mlowezi wa Kiingereza, Ewart Grogan, aliwatia katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare huko Kenya. Mtie Donge Mei, hafiki jioni.

Lakini kama somo la mizani, unatufaa. Trauti hazai kwenye shimo la mgodi, kwani anahitaji maji yanayotembea juu ya changarawe. Kwa hiyo anatiwa, anavuliwa, anatiwa tena, na hakuna anayesema mradi umeshindwa kwa sababu samaki hawakuongezeka. Wenzetu waliamua kwanza samaki yule ni wa kazi gani, nayo ni starehe ya kuvua, halafu wakampima kwa kazi hiyo. Sisi perege wa shimoni tumempa kazi ya jodari, kisha tunamlaumu.

Kazi yake ni mbu.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu kuna tarakimu moja inayonisumbua tangu nilipoisoma. Kisii, magharibi mwa Kenya, watafiti walichukua mabwawa ya samaki yaliyokuwa yametelekezwa wakayarudishia sato. Matokeo yalichapishwa 2007: baada ya wiki 15, viluwiluwi vya mbu wa malaria vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 94, na vya jamii ya mbu wengine kwa zaidi ya 75. Bwawa lililoachwa bila samaki halikupata nafuu hiyo.

Asilimia 94. Mtu akiisikia haraka anadhani malaria imepungua kiasi hicho. Sivyo. Ni viluwiluwi ndani ya mabwawa hayo hayo, na mabwawa yenyewe yalikuwa machache ya kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mbu wa malaria ana tabia ya kudharau ziwa akataga kwenye alama ya kwato. Dimbwi dogo, safi, lenye jua, ndilo analolipenda, na shimo la mchanga limezungukwa na madimbwi hayo, kila tairi la fuso limeacha lake. Perege hafiki huko. Hata ndani ya shimo, pembezoni penye majani marefu kiluwiluwi kinajificha na samaki anapita mbali. Kwa hiyo ukitia samaki Donge na kuacha kingo zimeota magugu, usitegemee 94. Pengine hupati hata nusu.

Na bado siwezi kuiacha tarakimu hii, kwa sababu ya neno moja ndani ya habari yake: yaliyotelekezwa. Wale mbu wa Kisii walizaliwa katika mabwawa yaliyochimbwa kwa ajili ya samaki, samaki wakaondoka, maji yakabaki. Tofauti ya bwawa la kitoweo na kiwanda cha mbu ilikuwa samaki tu. Sasa geuza macho huku kwetu. Tuna mashimo ambayo hayakuwahi kuwa ya samaki, kila masika yanajaa, na tunayaita "yanayosubiri kufukiwa". Yanasubiri miaka. Katika miaka hiyo yote ya kusubiri, mbu hasubiri.

Visiwa hivi vimehangaika sana kuishusha malaria, hadi ikawa chini ya asilimia moja ya watu, kwa vyandarua, dawa ya ukutani na kufuatilia mgonjwa mmoja mmoja hadi nyumbani kwake. Na hatuna ugeni wa kupambana na mbu ndani ya shimo. Makunduchi, mwishoni mwa miaka ya 1980, vyoo vya shimo vyenye maji vilimwagiwa chembe nyepesi za plastiki zinazoelea, zikafunika uso wa maji, na mbu wa matende wakapungua vibaya sana. Hakuna aliyeuliza chembe zile zitauzwa kilo kwa bei gani.

Ukimpa perege kazi hii, hata kasoro zake zinabadilika sura. Mfugaji analia kwamba perege anazaa mapema mno, wanajazana, wanadumaa, hafiki ukubwa wa sahani. Kwa vita vya mbu hiyo ni heri, kwa sababu perege mdogo anakula zaidi vijidudu, na akikua ndipo anapoegemea ukijani wa maji na matope. Mfugaji analia kwamba maji hayakai mwaka mzima. Mbu wa shimoni naye hakai mwaka mzima. Tena shimo linajaa wakati ule ule kusi inapoanza kuchafua bahari, vidau vinavutwa juu na kibua kinakuwa ghali. Kitoweo cha tope wakati huo hakinuki sana.

Swali la samaki gani atiwe ndilo ninaloona linachukuliwa kwa wepesi. Sato wa maziwa makuu anapatikana bara kwa urahisi na anakua haraka, kwa hiyo yeye ndiye anayetajwa. Nisingemtaka. Huku tuna perege wetu, ambaye vitabuni ana jina la Zanzibar ingawa asili yake ni mto Wami, bara. Huyu ana historia wachache wanayoijua. Mwaka 1960, Charles Hickling, mtaalamu wa samaki aliyekuwa akifanya utafiti Malacca, katika Malaysia ya leo, alieleza kwamba madume ya samaki aliyetoka Zanzibar yakizalishwa na majike ya perege wa Msumbiji, watoto wote wanatoka madume. Bwawa la madume matupu halijazani, samaki hawadumai. Utafutaji wa perege wa jinsia moja, ambao leo umeenea mashamba ya samaki duniani, ulipata msukumo mkubwa hapo. Dunia ilimhitaji perege wa Zanzibar ili iondokane na kudumaa, nasi hapa tuko tayari kumchanganya na sato bila hata kumuaga. Bara chotara za perege wa kuletwa na wa asili zimeshaonekana mitoni. Shimo likifurika masika, aliyemo ndani anaingia bondeni, na bondeni kuna mpunga na vijito, hakuna wavu wa kumrudisha.

Naifikia hoja inayonibana. Samaki wanavuta watoto. Shimo lenye perege litakuwa na watoto wengi zaidi, na maji yale yana mambo mawili: kina kisichoonekana na kichocho. Kingo za mashimo zimekatwa wima na kijiko, ile mashine ya kuchimbia, mtoto akiteleza hana pa kushika. Kichocho nacho, visiwa vyote viwili vimekipiga vita kwa dawa maskulini, na kuanzia 2011 kwa mradi mkubwa uliolinganisha vijiji vya dawa peke yake, vya dawa na kuua konokono, na vya dawa na kuwafunza watoto kubadili tabia. Perege si wa kutegemewa kumaliza konokono. Aliyeniambia, "Mwanangu, unanifukuzia mbu unaniletea kichocho," alinishika pabaya, na jibu langu ni nusu tu: watoto wameshaingia majini, wakiwa na samaki au bila, na uzio wa miba aliouweka sheha haukumaliza masika moja.

Nusu ya pili haimo mikononi mwa perege. Imo mikononi mwa mwenye kijiko, kabla hajaondoka. Akikata kingo mteremko badala ya ukuta, mtoto anatoka mwenyewe, na majani yanafyekeka. Akichonga kona moja iwe na kina, perege wanakimbilia humo Januari na masika ijayo hakuna haja ya kwenda Kibokwa na kidumu. Akikomea juu ya maji ya chini, pale kinamo kinapoanza, visima vinasalimika. Yote matatu yangeandikika kwenye kibali kwa mistari michache, na mashine ipo shimoni tayari, dizeli imeshatiwa. Konde ya mzee hairudi kwa hayo, na fidia yake ni deni jengine linalopaswa kudaiwa kwa jina lake, lisifichwe nyuma ya samaki. Lakini kijiko kikishapakiwa kwenye lori kuelekea shimo jipya, kukirejesha kwa ajili ya kona moja hakuna atakayelipa.