Udi Hautibu Kikwapa

Hapa Lamu mtu akinuka jasho hupewa ushauri wa aina mbili: aoge zaidi, au ajifukize udi. Wanaosema hivyo wana nia njema, lakini mwenyewe pengine huoga mara tatu kwa siku, chetezo hakizimiki chumbani mwake, na kabla ya adhuhuri kanzu imeshalowa. Kumwambia aoge tena ni kumwongezea aibu juu ya maradhi. Nashikilia kwamba tunachanganya mambo mawili yaliyo mbali. Kutoka jasho kupita kiasi ni jambo la neva, na kunuka ni jambo la bakteria. Kila moja lina dawa yake, na dawa iliyo nzuri zaidi huharibiwa kwa kupakwa saa isiyo yake.

Tuanze na hewa yetu. Jasho hupoza mwili pale linapokauka. Hewa ikiwa imejaa unyevu wa bahari, hasa mwisho wa Kaskazi na siku za tanga mbili upepo unapolegea, jasho halikauki. Linatiririka tu, mwili haupoi, nao huzidi kulitoa. Huo si ugonjwa. Ugonjwa ni pale viganja vinapochuruzika mtu akiwa ameketi barazani kivulini, mwanafunzi anapolowesha karatasi ya mtihani, au mtu anapokwepa kupeana mkono baada ya swala. Madaktari huita haipahidrosisi. Ile ya asili huanza utotoni au wakati wa balehe, hushika pande zote mbili sawasawa, hupenda viganja, nyayo, makwapa na uso, na hukoma mtu akilala. Mara nyingi yuko na ndugu au mzazi mwenye hali hiyo hiyo. Tezi zake ni nzima kabisa. Zinazokosea ni neva zinazoziamrisha.

Harufu ina njia nyingine. Tezi za jasho la maji, ambazo ni kati ya milioni mbili na nne mwilini, hutoa maji na chumvi, na maji hayo peke yake karibu hayana harufu. Tezi za aina ya pili ziko kwapani, kinenani na kwenye chuchu, huamka wakati wa balehe, na hutoa majimaji yenye mafuta na protini. Bakteria wa ngozi huyala hayo na kuacha asidi na gesi zenye salfa. Kwa hiyo mtu mkavu anaweza kunuka, na anayelowa chepechepe anaweza asinuke. Moshi wa udi ukitiwa juu ya asidi hizo hauziondoi. Huzaliwa harufu ya tatu. Udi ni wa mwili uliokwisha kuwa safi na mkavu, na nguo iliyofuliwa.

Kama shida ni maji kwapani, dawa ya kwanza ni alumini kloraidi ya asilimia 10 hadi 20. Muulize mwenye duka la dawa kwa jina hilo, maana diodoranti nyingi za kawaida ni manukato tu na hazizuii jasho. Chumvi hii huingia kwenye mdomo wa kijitundu cha jasho na kukiziba kwa muda. Hapo ndipo wengi hukosea: huipaka asubuhi wametoka kuoga, ngozi mbichi na jasho limeanza. Ikikutana na maji juu ya ngozi hutoa asidi kali, kwapa likawasha na kuwa jekundu, na mtu akaitupa chupa akisema haimpendi. Ipakwe usiku, wakati jasho limetulia. Oga, jifute, kisha kaa mbele ya feni mpaka kwapa likauke kabisa; kwa unyevu wa hapa taulo peke yake halitoshi. Paka safu nyembamba, iache ikauke, vaa nguo ya kulalia iliyokwisha kuchakaa kwa sababu inaharibu kitambaa, na asubuhi osha kwa sabuni. Fanya hivyo kila usiku mpaka jasho lipungue, kisha rudi kwenye mara moja au mbili kwa wiki. Ikiwasha, ruka usiku mmoja mmoja, na asubuhi paka hidrokotisoni ya asilimia 1, krimu ya kutuliza mwasho, kwa siku chache. Usiipake siku uliyonyoa, wala siku inayofuata.

Wapo wanaoogopa kwamba alumini huleta saratani ya matiti. Utafiti uliofanywa haujathibitisha hilo. Anayepaswa kumwuliza daktari kwanza ni mwenye figo zilizodhoofika sana. Na kwa wale wanaoikimbia alumini kwenda kwenye jiwe la shabu: shabu nayo ni chumvi ya alumini. Ni kitu kizuri, lisugue kwenye kwapa lililooshwa litapunguza bakteria na harufu, ila kuzuia maji haliwezi sana.

Kama shida ni harufu, shughulika na bakteria. Sabuni ya benzoili peroksaidi, ile inayouzwa kwa chunusi, ya asilimia 2.5 hadi 5, ipake kwapani ukiwa bafuni, iache dakika moja au mbili, suuza vizuri. Tumia taulo jeupe, maana hupausha rangi ya nguo na hata leso. Ikishindwa, daktari anaweza kuandika klindamaisini, antibiotiki ya kupaka. Nywele za kwapa hushika mafuta na bakteria pamoja, kwa hiyo sunna ya kuziondoa ina faida ya wazi hapa. Arubaini ndio ukomo wa siku, na mwenye kikwapa afadhali asisubiri ukomo.

Ndimu niitaje peke yake, kwa sababu inatumika sana na inaumiza. Maji ya ndimu yakibaki juu ya ngozi kisha jua likapiga, huunguza: malengelenge kwanza, halafu baka jeusi linalokaa wiki au miezi. Magadi ya kupikia nayo huondoa ile asidi nyepesi inayoilinda ngozi, na wengi huishia na kwapa lililochubuka linalonuka vilevile.

Nguo ndiyo sehemu inayosahauliwa. Mtu ametibu kwapa, kisha anavaa buibui lenye harufu ya mwezi jana. Mabuibui mengi yanayouzwa sasa ni ya polista, na polista hushikilia mafuta ya mwili hata baada ya kufuliwa. Ikipata joto la mwili, harufu inafufuka. Lipindue ndani nje, loweka sehemu ya makwapa nusu saa katika siki nyeupe kipimo kimoja kwa maji vipimo vinne, suuza, ndipo ufue kwa sabuni na kulianika likiwa limepinduliwa. Siki isikutane kabisa na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kwa sababu hutoa gesi ya sumu. Kwa kanzu nyeupe, ile manjano ya kwapani hutokana na jasho kuchanganyika na chumvi ya alumini, na klorini huizidisha badala ya kuiondoa. Penye kisima chenye maji ya chumvichumvi, sabuni haitoi povu na huacha utando unaoshika harufu. Weka walau ndoo moja ya maji baridi, yasiyo na chumvi, kwa suuzo la mwisho. Ndani ya kanzu vaa fulana ya pamba, na uibadilishe mchana.

Miguu ina habari yake. Nyayo zikinuka vibaya, ziangalie zikiwa zimelowa: ukiona vijishimo vidogo vidogo kama vimetobolewa kwa sindano, hao ni bakteria wanaokula ngozi ngumu, na dawa ya fangasi haitawaondoa. Huhitaji antibiotiki ya kupaka na viatu vinavyopumzishwa saa 24 kati ya siku na siku. Anayevaa ndala mchana kutwa ana bahati hapa; mlinzi na askari wa buti hawana.

Kwa viganja, dawa ya kupaka mara nyingi haitoshi kwa sababu ngozi ni nene. Ipo mashine ya kupitisha umeme mdogo, miliampia 15 hadi 20, katika trei za maji unamotumbukiza mikono kwa dakika 20 au 30, mara tatu kwa wiki mwanzoni, kisha mara moja kwa wiki. Maji ya mvua ya jabia hayapitishi umeme vizuri. Tia magadi ya kupikia nusu kijiko cha chai. Mjamzito au mwenye kifaa cha moyo asiitumie, na fundi yeyote asikuundie kwa betri ya gari.

Zaidi ya hapo ni kwa daktari wa ngozi. Sindano za botulinamu, kama yuniti 50 kwa kila kwapa, hukausha kwa miezi minne hadi tisa. Vidonge vya oksibutinini hupunguza jasho la mwili mzima, na hapa ndipo nina wasiwasi kuhusu pwani: mtu asiyetoka jasho katika joto la Februari, akiwa juu ya jahazi au kazini juani, anaweza kuzidiwa na joto. Vidonge hivyo pia hukausha mdomo, hufunga choo na kuzuia mkojo. Upasuaji wa kukata neva kifuani ningeuweka mwisho kabisa. Viganja hukauka kweli, lakini watu wengi huanza kutoka jasho mgongoni na tumboni kwa wingi, na neva hairudi.

Jasho la usiku linalolowesha shuka, lililoanza ukubwani, lisitibiwe kwa dawa ya kwapa. Pamoja na kikohozi cha wiki mbili na kukonda, nenda kapimwe kifua kikuu. Pamoja na moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka, pima tezi ya shingo. Mwenye kisukari anayetumia dawa akitokwa ghafla na jasho baridi, hata kama amefunga, apewe sukari vijiko vitatu au vinne vya chai papo hapo. Tramado, ile dawa ya maumivu, na baadhi ya dawa za huzuni huleta jasho pia; usiziache ghafla, rudi kwa aliyeziandika.

Imebaki hali moja adimu ambayo mji wa wala samaki unapaswa kuijua. Wapo watu ambao ini lao haliwezi kuvunja kemikali iitwayo trimethilamini, nayo hutoka kwenye jasho, pumzi na mkojo kwa harufu ya samaki aliyeoza. Kuoga kwa sabuni ya kawaida hakuiondoi, na kwa watoto huwa ni mateso ya shuleni. Samaki wa baharini, ngisi na kamba huizidisha sana. Viini vya mayai, maini na maharagwe pia. Ukimshuku mtoto, mwondolee vyakula vya baharini kwa wiki moja, mwoshe kwa sabuni yenye asidi nyepesi, pH 5.5 hadi 6.5, na uone kama harufu inashuka. Ikishuka, mpeleke kwa daktari na umtajie jina hilo la kemikali, kwa sababu kipimo chake ni cha mkojo na lazima kiombwe makusudi. Mjamzito asijikatie vyakula hivyo mwenyewe bila kusimamiwa.