Marehemu hafungui akaunti

Zamani ukitaka kujua ploti ya Nairobi ni ya nani, ulipanga foleni Ardhi House, makao ya wizara ya ardhi, ukiwa na subira na pesa ya chai. Karani akikwambia "faili halionekani", ulielewa anataka nini. Kesho lilionekana, wakati mwingine likiwa na jina jingine.

Serikali ya Kenya ilipozindua Ardhisasa, mfumo wa rekodi za ardhi mtandaoni, Aprili 2021, ikianza na sajili ya Nairobi, faili hilo ndilo lililolengwa. Sachi, yaani kutafuta kwenye sajili ardhi ni ya nani, unaifanya ukiwa nyumbani, na mfumo umeundwa ili anayegusa rekodi aache alama yake. Si jambo dogo hilo. Nimewahi kuona kadi ya kijani, ile ya sajili inayoandikwa wenye shamba, iliyopakwa wino mweupe juu ya jina la mwenye shamba, na jina jipya juu yake kwa mwandiko wa mtu mwingine. Hakuna ofisini aliyekubali kuujua mwandiko ule.

Mawakili wamelalamika kuwa mfumo hukwama na miamala hulala. Hayo naona yatarekebishika. Kinachonikosesha raha ni kwamba mashine huhifadhi kile ilichopewa. Hati iliyotolewa kimakosa haitakasiki kwa kuskaniwa. Aprili 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu ilisema hatimiliki pekee haimwokoi mnunuzi iwapo ardhi iligawiwa kinyume cha sheria tangu mwanzo. Ardhi yenyewe ilikuwa imegawiwa 1989. Kwa hiyo sachi safi kwenye simu haikuondolei kazi ya kuuliza shamba lilitoka wapi.

Tena kuna wasiomo kabisa kwenye rekodi. Huko mashambani ardhi imebaki kwa jina la babu aliyekufa, mirathi haijafunguliwa, wajukuu wanalima na kuzikana papo hapo. Ardhisasa inataka kitambulisho, PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi) na namba ya simu. Marehemu hafungui akaunti. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 28, inatambua amana ya kimila, yaani ardhi ambayo mwenye jina anaishikilia kwa niaba ya jamaa, hata kama haikuandikwa popote, na Mahakama ya Juu ililithibitisha hilo 2018. Lakini mnunuzi aliyeko Nairobi anaona jina moja tu kwenye skrini. Haoni makaburi.

Karatasi nayo haikuyaonyesha, utaniambia. Kweli. Ila shamba la kilimo haliuzwi bila idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na hapo muuzaji husimama mbele ya watu wanaomjua. Wakishaizoea simu, wakubwa watauliza kikao hicho ni cha nini. Kina makelele, na baadhi ya wajumbe wake nao hupenda chai. Lakini ndipo mahali ambapo nimeona mke akiinuka, mtoto mgongoni, akasema shamba haliuzwi, na mwenyekiti akaifunga faili.