Mkopo wa simu na mtaji wa kijana

Tangu M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo ndani ya M-Pesa, ianze Kenya mwaka 2012, kijana mwenye kibanda anaweza kukopa mtaji bila kukanyaga benki. Waliotangulia sokoni humwonya: usianze biashara kwa deni, ingia chama, changa, ngoja zamu yako. Yeye hujibu kwamba soko halingoji. Anayeuza mitumba katika soko la Gikomba, Nairobi, akichelewa robota linapofunguliwa, kamera zote, yaani nguo bora kabisa, zinakwenda na wengine.

Naona kila upande una haki, ila wote wanasahau kuuliza mali itarudi kuwa pesa baada ya siku ngapi.

Ada ya M-Shwari imejulikana kuwa asilimia 7.5. Ukichukua shilingi 10,000 unarudisha 10,750 kabla ya ushuru, iwe umelipa baada ya siku tatu au thelathini. Muuza nguo anayemaliza mzigo kwa siku mbili hulipa 750 hizo na faida inabaki. Mchukue sasa fundi seremala. Amekopa 10,000 zilezile kununua mbao, kabati limetoka, mteja analipa kidogokidogo kwa miezi miwili. Siku 30 zikipita, mkopo unasogezwa mbele kwa ada nyingine ya asilimia 7.5. Kwa mwendo huo wa mwaka mzima, ni kama asilimia 90. Hakuna kabati lenye faida ya kubeba hilo.

Serikali ilileta Hustler Fund, mfuko wake wa mikopo midogo ya simu, Novemba 2022 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, nafuu kubwa mno, na asilimia 5 ya mkopo hukatwa iwe akiba. Nalipenda wazo hilo. Lakini muda wa kulipa ni siku 14, ambazo kwa fundi ni fupi hata zaidi, na sehemu kubwa ya akiba hiyo ni ya uzeeni. Haitamwokoa mbao zikipanda bei.

Kinachonisumbua zaidi ni pesa ya mauzo kukaa laini moja na ya unga, kodi na karo ya mdogo wako. Hapo hata chama hakisaidii, maana ukipokea zamu huwezi kujua umekula faida au mtaji. Pochi la Biashara, yaani akaunti ya biashara ndani ya M-Pesa, au till, namba ya kupokelea malipo ya wateja, hutenga pesa. Daftari la shilingi hamsini pia linatosha, mradi ujiandikie mshahara wa wiki na usiuzidishe.

Naye fundi wetu, kabla ya kugusa simu, angedai arbuni ya nusu bei. Mbao zingenunuliwa kwa pesa ya mwenye kabati.